Ramani kubwa inakuchosha, gemu ya zamani inakukesha: kwa nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili masomo ya kompyuta, naishi Uyole, Mbeya. Niliazima gemu mpya ya dunia wazi, ile ambayo unatembea popote utakapo, picha zake kali mno, ramani haiishi. Siku ya tatu nikaiacha. Lakini kaka yangu ana laptop kuukuu yenye Gothic na Morrowind, gemu zilizotoka kabla sijazaliwa, na nikizigusa najikuta kunapambazuka. Inakuwaje? Halafu tuko wanafunzi wanne tunaotaka kutengeneza gemu yetu ya uhusika, yaani mchezaji anaishi maisha ya mhusika mmoja, mazingira yake yawe Rungwe. Tuanze na nini? Na tuweke kiramani kwenye kona ya skrini au tusiweke?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. La kwanza likijibiwa vizuri, la pili litakuwa limeshapata nusu ya jibu, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye la kwanza.

Gemu ya aina hii inakuzamisha pale inapokufanya uwaze mahali ulipo ndani yake, usahau kioo kilicho mbele yako. Ukijiuliza “njia ya kule mlimani inapitia wapi?” au “huyu mzee akigundua nimemwibia atanifanya nini?”, umo ndani. Ukianza kujiuliza “alama ya njano iko upande gani?” au “nimebakiza misheni ngapi?”, umeshatoka, umerudi kwenye kiti chako hapo Uyole na chai imepoa. Gemu uliyoazima, bila hata kuitaja jina, nadhani ilikuwa inakuuliza maswali ya aina ya pili kuanzia asubuhi hadi jioni.

Ukubwa wa ramani hauna kauli hapo, na ushahidi upo tangu zamani. Mwaka 1996 kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa Daggerfall. Ardhi yake ilizidi kilomita za mraba 160,000, yaani uuchukue mkoa wa Mbeya na kuuzidisha zaidi ya mara nne, na miji, vijiji na mapango yake yalihesabika kwa maelfu. Karibu yote yalipangwa na programu yenyewe kwa kuchanganya vipande vilevile, hivyo ukishaviona vijiji vichache, vingine vyote unavijua hata kabla ya kubisha hodi. Gemu kuu iliyofuata kwenye mfululizo huohuo ndiyo hiyo Morrowind ya kaka yako, ya mwaka 2002. Walipunguza dunia nzima ikawa kisiwa kimoja, wakapanga kila jiwe, kila mlango na kila chungu kwa mkono. Kisiwa chenyewe unakivuka kwa miguu jioni moja, na bado watu wanakikumbuka kama nchi kubwa kuliko ile ya kwanza.

Sababu moja ni namna unavyotafuta njia. Angalia mwanzo wa Morrowind kwa karibu. Unashushwa kwenye meli kama mfungwa aliyeachiliwa, unapewa kifurushi cha karatasi, unaambiwa nenda mji wa Balmora, umtafute mtu anayeitwa Caius Cosades. Hujui anapoishi, lakini kuna kilabu cha pombe mjini, uliza hapo. Basi. Hakuna mshale, hakuna mstari unaong’aa barabarani. Unatoka kijijini ukisoma vibao vya njia panda, unauliza watu, unafika Balmora unaitafuta hiyo kilabu, na ndani yake unaanza kuulizia jina kwa walevi. Baadaye maelekezo yanakuwa marefu: fuata mto kwenda kaskazini hadi darajani, usivuke, panda upande wa kushoto mpaka uone mawe mawili yaliyosimama. Mengine yamekosewa kidogo na unapotea kweli.

Hivyo ndivyo watu wanavyoelekezana huku kwetu. Ukiuliza njia Kiwira hakuna atakayekutajia mita. Utaambiwa shuka na hii barabara ya vumbi, ukikuta kanisa la bati jekundu usiingie, endelea mpaka kwenye migomba mingi, kuna mama anauza maparachichi, yeye atakuonyesha. Na ukipita hapo njia unaikariri, kwa sababu kila alama uliitafuta kwa macho yako. Mwaka 2006 Bethesda hao hao walitoa Oblivion, iliyo nzuri kwa mengi, ila chini kwenye skrini waliweka dira yenye mshale unaokupeleka hadi mlangoni. Tangu hapo gemu nyingi zimefuata njia hiyo. Mchezaji anavuka bonde zuri ajabu huku macho yake yapo kwenye mshale wa sentimita moja. Ukimuuliza baadaye alipita wapi, hajui. Alifuata mshale.

Niwe mkweli kwa watengenezaji: mshale hauwekwi kwa uvivu. Gemu ikisharekodiwa sauti za waigizaji, kuandika maelekezo marefu kwa kila misheni kunakuwa ghali, na ukibadilisha daraja moja kwenye ramani inabidi mwigizaji arudi studio. Morrowind ilikuwa karibu yote ni maandishi, na maandishi hayana gharama. Likumbukeni hilo, nitalirudia kwenye gemu yenu.

Kuna pia suala la usafiri. Kwenye Morrowind huwezi kubofya mji wowote kwenye ramani ukatokea huko. Kuna mdudu mkubwa mwenye miguu mirefu kama minara, amechongwa mgongoni nafasi ya abiria, na anakwenda kwa ruti zake tu. Kama hakuna ruti ya moja kwa moja unashuka, unabadilisha, unapanda mashua. Aliyewahi kusafiri kutoka Makete hadi Kyela analijua hili bila kufundishwa: unapanga safari kwa kuwaza stendi, siyo kwa kuwaza umbali. Gemu ikikulazimisha kuwaza hivyo, unaanza kuishi kwenye nchi yake.

Sasa ukungu. Bila shaka umecheza San Andreas, maana sijakutana na kijana aliyekulia karibu na kibanda cha gemu ambaye hajaigusa. Ilitoka mwaka 2004 kwa PlayStation 2, mashine isiyo na nguvu ya kuchora vitu vya mbali, kwa hiyo watengenezaji wakafunika upeo kwa ukungu na vumbi la jua. Ulipokuwa unaendesha kutoka mjini kwenda mashambani ulihisi umesafiri, mji umebaki nyuma sana. Mwaka 2021 likatoka toleo lililofanyiwa ukarabati, mashine sasa zina nguvu, ukungu ukaondolewa. Watu wakapanda ndege, wakatazama chini, wakaona miji yote mitatu kwa mpigo, imebanana kama vinyago juu ya meza. Malalamiko yalikuwa makubwa. Ardhi haikupungua hata hatua moja; kilichoondoka ni kule kutoona.

Mkazi wa Mbeya hahitaji kuambiwa nguvu ya ukungu. Kuna asubuhi Mlima Loleza wote haupo, na ikifika saa nne unaanza kujitokeza kipande kipande. Na kama hujapanda Ziwa Ngosi, pandeni kabla hamjaandika hata mstari mmoja wa programu, kwa sababu mlima ule umepangwa kama mtaalamu wa gemu alivyotaka. Unaingia msituni, miti imefunga, unakanyaga matope na mizizi, unafika kwenye mianzi, mwinuko unakuwa mkali, huoni chochote zaidi ya mgongo wa aliye mbele yako. Ziwa huna habari nalo. Halafu unafika ukingoni, miti inaachia, na maji yapo chini kabisa ya kuta za kreta. Angeweka mtu ziwa hilo kando ya barabara ya lami, lingekuwa bwawa zuri tu. Waliotengeneza Breath of the Wild, gemu ya Nintendo ya mwaka 2017, walieleza hadharani kwamba walipanga vilima vyao kwa maumbo ya pembetatu kwa sababu hiyohiyo: kilima kinaficha kilicho nyuma yake, mchezaji anachagua apande au azunguke, na kwa vyovyote atakutana na kitu ambacho dakika moja iliyopita hakukiona.

Kuficha peke yake hakutoshi, lazima kuwe na kitu kimoja kinachoonekana kutoka karibu kila mahali, ili mtu asipotee hadi akakata tamaa. Elden Ring ya mwaka 2022 ina mti mkubwa wa dhahabu. Ninyi mna Mlima Rungwe, hamna haja ya kubuni.

Nimekaa sana kwenye ardhi. Nije kwa watu, maana hapa ndipo gemu nyingi zenye picha kali zinapofia.

Mtafiti Mel Slater, aliyechunguza kwa miaka mingi watu wanaovaa miwani ya uhalisia pepe, aliandika mwaka 2009 kwamba kuna mambo mawili tofauti. Moja ni kuhisi kwamba upo mahali pale. La pili ni kuhisi kwamba yanayotokea pale yanatokea kweli. La kwanza linaletwa na macho na mwili. La pili linadai zaidi mazingira yakujibu wewe binafsi, yakutambue kwamba upo. Hiyo gemu uliyoazima huenda ilikupa la kwanza kwa wingi. Kisha ukaingia sokoni na hakuna aliyekuangalia.

Linganisha na Gothic, iliyotengenezwa Ujerumani na Piranha Bytes mwaka 2001. Sura za watu zake ni kama zimechongwa kwa panga. Lakini jaribu kuingia kwenye kibanda cha mtu: mwenyewe anakufuata, anakuambia utoke. Jaribu kuchomoa upanga katikati ya kambi: aliye karibu anakuamuru uurudishe, na ukikaidi anakujia. Na kilichonifurahisha mimi kuliko vyote, akikushinda hakuui. Anakuangusha, anachukua madini mfukoni mwako, ambayo ndiyo fedha ya huko, anakuacha umelala chini. Unaamka mwenyewe, mtu yuleyule ameshaondoka kwenda kuota moto na wenzake. Huna cha kurudia kama umekufa. Umeaibishwa na maisha yanaendelea. Kuanzia siku hiyo unapita kambini kwa adabu, na hakuna maandishi yoyote ya mafunzo yaliyokufundisha adabu hiyo.

Wenyeji wenye ratiba si jambo jipya. Ultima V ya mwaka 1988 ilikuwa tayari na watu wanaoamka, wanaokwenda kazini, wanaokula na kulala. Kazi ngumu ni kuifanya ratiba iwe na matokeo: duka limefungwa usiku kwa hiyo inabidi usubiri au uvunje, mlinzi anakwenda kula kwa hiyo geti lina mwanya. Ratiba isiyobadilisha chochote kwa mchezaji ni watu wanaotembea tu.

Na kuna mipaka. Watengenezaji wa Oblivion walisimulia kwamba wakati wa majaribio waliwapa wenyeji uhuru mkubwa wa kutafuta mahitaji yao, na matokeo yake mteja wa dawa za kulevya aliweza kumuua muuzaji wake. Mchezaji akifika, mtu wa misheni hayupo. Ikabidi wawapunguzie uhuru. Mimi naona walifanya sawa. Mchezaji hahitaji kijiji chenye akili; anahitaji kijiji ambacho hakimkatishi tamaa anapokijaribu.

Maana atakijaribu. Skyrim ya mwaka 2011 ilikuja kujulikana kwa kituko cha ndoo: unaokota ndoo dukani, unamfunika mwenye duka kichwani, macho yake hayakuoni tena, unabeba mali yote yeye akiwa amesimama kimya. Watu walicheka sana, na mimi nilicheka, lakini baada ya hapo ni vigumu kumwogopa mwenye duka yeyote. Gemu hiyohiyo ilikuwa na walinzi wanaokwambia kwamba nao zamani walikuwa wapambanaji kama wewe, hadi walipopigwa mshale wa goti. Mara ya kwanza ni sentensi nzuri sana, ina maisha ya mtu ndani yake. Ukishaisikia mji wa kwanza, wa pili na wa tatu, kwa sauti ileile, inageuka utani wa dunia nzima, na kila mlinzi anakuwa kaseti. Kosa halikuwa kwenye uandishi. Hakuna aliyehesabu sentensi hiyo itasikika mara ngapi.

Kanuni za dunia zenyewe nazo lazima zishike neno lake. Kwenye Breath of the Wild mvua ikinyesha, mwamba unateleza na kupanda kunakuwa taabu. Radi ikianza kunguruma na wewe umebeba upanga wa chuma, unapigwa. Nyasi kavu zinashika moto, moto unazua upepo wa kwenda juu, na ukifungua kishada chako unapaa nao. Hakuna kanuni hata moja hapo inayohitaji maelezo kwa mtoto wa Tukuyu aliyekatazwa kusimama chini ya mti wakati wa radi. Unatumia akili uliyotoka nayo nyumbani na gemu inaikubali. Kinyume chake ni gemu inayokuonyesha milango ishirini mtaani na kumi na tisa ni michoro tu ukutani. Afadhali mtaa wenye milango miwili inayofunguka.

Kuhusu mwili wa mhusika nitasema kifupi. Kingdom Come: Deliverance ya mwaka 2018, kazi ya Wacheki wa Warhorse, inakupa kijana wa mhunzi huko Bohemia mwaka 1403. Hajui kusoma. Ukifungua kitabu, herufi zimevurugika kwenye ukurasa hadi umtafute mwandishi akufundishe, na hata baada ya hapo unasoma kwa kusuasua. Ukivaa kofia ya chuma, unaona kupitia tundu jembamba. Ukienda kwa mabwana na nguo zenye damu na tope, wanakudharau. Udhaifu unakuunganisha na mhusika kuliko nguvu, kwa sababu unapojifunza kitu, mmejifunza wote wawili.

Matokeo ya maamuzi yana ujanja wake, na walioucheza vizuri ni Wapolandi wa CD Projekt Red kwenye The Witcher 3, mwaka 2015. Kuna mahali unakutana na roho iliyofungiwa chini ya mti kilimani, unaamua kuiachilia au kuiua. Gemu inanyamaza. Haikuambii umefanya vema wala vibaya. Matokeo, yanayogusa watoto yatima, kijiji kizima na familia ya Baron uliyekuwa unamsaidia, yanakuja baadaye sana, ukiwa umeshasevu, yaani kuhifadhi ulipofikia, mara kadhaa na kufanya mengine mengi. Kama yangekuja papo hapo, ungerudi nyuma ukachagua tena, kama mtu anayefuta jibu la mtihani kwa kifutio. Kuchelewesha ndiko kulikokunyima kifutio.

Picha? Zinasaidia dakika ishirini za kwanza, kisha jicho linazoea. Baada ya hapo kilichobaki ni kama zinapatana zenyewe kwa zenyewe. Sauti ni jambo jingine, na inapuuzwa mno na wanaoanza. Mvua kubwa ya Tukuyu ikipiga bati, watu ndani ya nyumba hawazungumzi kama kawaida. Wanapaza sauti, wanasogeleana, au wanaacha maongezi mpaka ipungue. Sijawahi kucheza gemu ambayo wenyeji wake wanafanya hivyo. Mkiweza ninyi, kwa sentensi chache zilizoandikwa kwa herufi kubwa na bibi mmoja anayesema “subiri ipite kwanza”, mtakuwa mmepata kitu ambacho kampuni za mabilioni hazijakigusa.

Basi tuje kwenye kazi yenu. Anzeni na kijiji kimoja, ramani ndogo kiasi cha kuvuka kwa dakika chache, barabara moja inayoingia na kutoka, njia moja ya kupanda mlimani. Programu ya kutengenezea gemu iitwayo Godot inatosha kabisa, ni ya bure na haibagui laptop ya kawaida. Wenyeji wawe kumi. Msiseme kumi ni wachache mpaka mmewaandika.

Kila mwenyeji mpeni jedwali dogo: saa na mahali. Saa kumi na mbili asubuhi yuko kisimani, saa mbili shambani, saa tisa kijiweni, saa mbili usiku ndani. Msihangaike kumtembeza akiwa mbali na mchezaji. Mchezaji akikaribia, programu itazame saa, imweke mwenyeji anapopaswa kuwa, aanze kutembea kutokea hapo. Mashine haitachoka na mchezaji hatajua. Kuhusu saa zenyewe, Skyrim inapitisha siku nzima kwa dakika 72 za kwetu, Morrowind kwa dakika 48, Breath of the Wild kwa 24. Kwa kijiji chenu ningekaa karibu na Morrowind, ili giza liingie mchezaji akiwa bado njiani na ajute kutoaga mapema.

Halafu wekeni siku ya gulio. Mara moja kwa wiki wenyeji walewale kumi wanaacha ratiba yao, wanakwenda uwanjani na ndizi, viazi, mitumba. Nyumba zinabaki tupu. Hamjaongeza mtu hata mmoja wala nyumba, ila kijiji kimepata sura ya pili, na mchezaji mwenye mawazo mabaya amepata siku yake ya kuiba.

Salamu zipeni kazi ya kweli. Kijana anayeingia kwa mzee na kuanza moja kwa moja “naulizia kisu” bila shikamoo, huku Nyanda za Juu Kusini hafiki mbali, awe Rungwe, Njombe au Iringa kwa wenye salamu yao ya kamwene. Kwa hiyo kitufe cha salamu kiwe kitufe halisi. Asiyesalimia anajibiwa kwa mkato, bei inapanda kidogo, na mzee anamwambia jirani. Kila mwenyeji awe na kumbukumbu mbili tatu tu: amenisalimia au hakunisalimia, nimemwona akiiba au sijamwona, amenisaidia au bado. Zile za wizi zisambae kwa wengine baada ya siku moja, zikipitia kisimani. Nyie mnajua habari zinavyosafiri kisimani kuliko mtengenezaji yeyote wa Ulaya.

Msirekodi sauti za maongezi. Andikeni. Na kabla ya kuandika, mkadirie kila sentensi itasomwa mara ngapi na mchezaji mmoja. Hotuba ya chifu inasomwa mara moja, sentensi tano zinatosha. Jibu la salamu la mama wa dukani litasomwa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye gemu, kwa hiyo liwe na sura nyingi: la mvua, la baridi ya Juni akiwa amejifunga shuka, la siku ya gulio, la baada ya kusikia uvumi juu yako. Vijana wengi hutumia mwezi mzima kwenye hotuba ya chifu.

Sauti za mazingira, chukueni simu mwende. Mto Kiwira, bati, jogoo, pikipiki inayopanda kilima kwa gia ya chini, ukimya wa shamba la chai asubuhi, ambao nao una sauti yake. Rekodini ndefu kuliko mnavyodhani mnahitaji, kwa sababu kipande kifupi kinachojirudia sikio linakikamata upesi.

Hadithi iwe ndogo. Mtu amepotea, ng’ombe ameibwa, mgeni ameshuka kwenye Coaster ya jioni na hakuna anayemjua. Dunia yenyewe itaikuza.

Kuhusu kiramani cha kwenye kona: toleo la kwanza lisiwe nacho kabisa, ili mlazimike kuandika maelekezo yanayoeleweka na kuweka mti, kanisa na mwamba mahali panapostahili. Kisha mpeni gemu mtu asiyeijua, mkae nyuma yake, msiseme neno, mtazame anapopotea. Akipotea mahali palepale ambapo wengine wawili wamepotea, rekebisheni ardhi au sentensi. Mkishafika hapo ndipo muongeze kiramani kama chaguo kwenye mipangilio, kikiwa kimezimwa mwanzoni, kwa sababu wapo wenye shida ya macho au ya kukumbuka njia na wapo wanaocheza nusu saa tu baada ya kazi, na hao nao wana haki ya kufika kisimani. Mkifikia hatua ya kuwapa watu wajaribu, niandikie tena. Wa kwanza kupotea niwe mimi.